Chuma cha Nyukini

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa za baba yangu nitalia kabla sijafika popote. Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilimpa fundi wa kuchomelea wa mjini Sumbawanga chuma cha baba, nikarudi nyumbani natembea kifua mbele. Hakuna aliyenituma. Ni kimbelembele changu mwenyewe.

Naitwa Kristiana. Nauza dagaa wa Kasanga pale sokoni mjini, na kijijini kwetu, upande wa Kaengesa, mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kigango. Watu walinichagua kwa sababu ya mdomo. Walisema Kristiana akimwendea mtu kuomba mchango, mtu huyo anatoa ili yeye aondoke. Sikukasirika, kwa sababu ni kweli.

Chuma chenyewe kilikuwa kipande cha reli, urefu kama mkono wa mtu mzima kutoka begani, kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi ulio mbele ya kanisa letu dogo. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu. Ukizunguka nchi hii utavikuta vipande vya reli shuleni, makanisani, kwenye ofisi za vijiji, hata mahali ambapo treni haijawahi kufika, na hakuna anayeuliza vilifikaje. Sisi Ufipa hatuna reli. Mtu wa hapa akitaka kuona treni apande basi aende Mpanda, au ashuke Tunduma. Lakini chuma tulikuwa nacho, na kiliitwa chuma cha Felisiani, kwa sababu baba yangu Felisiani ndiye aliyekileta, na ndiye aliyekigonga kila siku saa kumi na mbili jioni, sala ya Malaika wa Bwana, kwa miaka zaidi ya ishirini.

Alikuwa na namna yake ya kugonga. Mapigo matatu mazito, yaliyoachana sawasawa. Halafu anasimama, kichwa ameinamisha upande, bolti ya kugongea mkononi, kama mtu aliyeitwa na hajui ameitwa kutoka wapi. Anakaa hivyo mpaka unachoka kumtazama. Ndipo anamalizia mapigo mengine. Watoto walimwigiza wakitoka shule, na mimi mwenyewe nikiwa na hasira zangu za ujana nilimwambia aache kutuchelewesha na sala.

Baba alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye reli ile nyembamba inayotoka Kaliua kuja Mpanda, reli ya upana wa mita moja tu, njia moja, porini mwanzo hadi mwisho. Hakuwa dereva wala hakuvaa kofia yenye beji. Alikuwa mtu wa gengi. Gengi ni watu wanane na mnyapara wao, wanalala kambini kando ya njia, na asubuhi wanatembea juu ya reli kilomita sita kwenda na sita kurudi, wakikaza bolti, wakitoa mataruma yaliyooza chini ya reli na kurudishia kokoto palipobonyea. Kambi yao ilikuwa nyuma ya kituo kidogo walichokiita Nyukini. Kituo hicho kilikuwa chumba kimoja cha mawe, benchi, simu ya kuzungusha, na mtunza kituo mmoja, mzee Ambilikile, Mnyakyusa wa Mbeya, aliyempenda baba kama ndugu yake wa tumbo moja.

Kitu kimoja baba alikichukia kuliko shetani ni mwizi wa reli. Wapo watu wanaofungua bolti usiku wakauze, na treni inayofuata inaanguka. Siku moja alimkamata mtu na bolti mbili mfukoni, akamtembeza mwenyewe hadi polisi Mpanda, siku mbili njiani, wanagawana maji ya kibuyu kimoja. Hadithi hiyo tumelishwa tangu utoto. Ukichukua kalamu ya mwenzako shuleni, utapewa habari za bolti mpaka masikio yaume.

Mama yangu Rozina aliishi naye Nyukini. Mimi nikiwa na miaka saba nililetwa Ufipa kwa bibi ili nisome, kwa sababu porini kule hakukuwa na shule. Nilikuwa na miaka kumi, mwaka wa zile mvua kubwa za tisini na nane, barua ilipofika kusema mama amefariki kwa homa, reli imekatika, amezikwa hukohuko. Ndicho nilichokijua, na kwa miaka yote hiyo sikuuliza zaidi. Baba alistaafu, akarudi na begi moja, redio, na kiroba chenye kile chuma, akakitoa sadaka kanisani kabla hata hajaezeka nyumba yake.

Sasa turudi kwenye uhodari wangu. Mwezi wa sita baridi ya kwetu inaingia kwenye mifupa, na baba, kama wazee wengi wa huku juu, hushuka bondeni kwa kaka yangu Adolfu, Mtowisa, kuota joto mpaka upepo utulie. Mwaka huo alipokuwa bondeni, wenzetu wa kijiji waishio Mbeya walituletea kengele. Kengele ya kweli, ya shaba, imeandikwa jina la kigango. Tulishangilia mpaka kina mama wakagaragara. Shida ikawa hatuna pa kuitundika, kwa maana inahitaji mhimili wa chuma, na mfuko wa kamati ulikuwa umekauka.

Nikasimama kwenye mkutano nikasema jambo liko wazi. Chuma cha zamani hakina kazi tena. Nampelekea Victor, fundi wa kuchomelea jirani na kibanda changu, yeye anachukua chuma chake, sisi tunachukua mhimili wetu. Watu wakapiga makofi. Katekista Clemens peke yake aliinua mkono, akauliza kwa upole kama si vizuri tumsubiri mzee Felisiani arudi, siku chache tu.

"Baba yangu namjua mimi," nilimjibu.

Na kweli niliamini nitamfurahisha. Niliona amezeeka, kutembea na fimbo kila jioni kwenda kugonga chuma. Nikasema sasa atapumzika, na kengele mpya itakuwa heshima yake, na siku ya kubarikiwa tutamkalisha mbele. Nilikwisha hata kumnunulia shati.

Alirudi mwezi wa nane mwishoni, amepanda lori la mpunga, ana vumbi hadi kwenye kope. Akanipa mchele wa Adolfu, akanawa uso. Sikumwambia neno, nilitaka akaone mwenyewe. Saa kumi na mbili kasorobo akachukua bolti yake juu ya kabati na fimbo, akatoka. Mimi nikamfuata kwa nyuma nacheka peke yangu kama mwehu.

Alifika chini ya mkaratusi akasimama. Mnyororo tulikuwa tumeutoa, tawi limebaki na alama pale ulipokuwa ukisugua. Upande wa pili kengele inang'aa kwenye mhimili uliopakwa rangi ya buluu. Aliitazama kengele, akalitazama tawi. Clemens akamwamkia shikamoo, hakuitikia, na baba yangu hajawahi kuacha shikamoo ya mtu chini. Aliniuliza chuma kiko wapi. Nikamweleza yote, haraka haraka, nikitaja mpaka shati. Akasikiliza hadi mwisho, akaniambia tu, "Sawa, mama," akageuka kurudi nyumbani bila kusubiri sala.

Hakula. Asubuhi nilimkuta jikoni, mkeka pembeni ya mafiga, anautazama moto, na uji wa ulezi umepoa mbele yake una ngozi juu. Nikapandwa na hasira, ndivyo nilivyo, hofu yangu hutoka kama ugomvi. Nikamwambia anatuaibisha kwa ajili ya chuma. Kigango kizima kimehangaika, yeye ananuna kama mtoto. Nikasema mengi, Mungu anisamehe. Nilipokwisha kusema, alinivutia kigoda nikae, akaanza kunisimulia alichokaa nacho miaka ishirini na mitano.

Chuma kile, alisema, kilikuwa cha kituo cha Nyukini. Kilitundikwa mbele ya kile chumba cha mawe, na kazi yake ilikuwa moja. Treni ikiondoka kituo cha jirani, kituo hicho kinapiga simu, na Ambilikile anatoka kugonga mapigo matatu. Ndipo watu wa kambi na wa vijiji vya ndani wanajua inakuja, wanatoka na asali, kuku na mkaa wao. Kugonga chuma wakati hakuna treni lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, kwa sababu watu walipanga maisha yao kwa mapigo yale.

Mvua zilipokuja mwaka ule, tuta lilichukuliwa na maji pande zote mbili za Nyukini, reli ikabaki inaning'inia hewani. Nguzo za simu zikaanguka. Mama akashikwa na homa siku ya pili yake. Barabara hakuna, dawa za kambi zimekwisha, hospitali ni Mpanda, na Mpanda ni kwa treni. Gengi lilifanya kazi mchana na usiku ndani ya maji, na kila baba alipokuja kumwangalia, mama aliuliza swali hilohilo.

"Imelia?"

Bado, alimjibu. Siku ya kwanza bado, siku ya pili bado. Siku ya tatu mchana alipoingia alikuta mama hana nguvu ya kuuliza, anamtazama tu. Baba alisema macho yale yalimshinda. Alitoka kwenye mvua, akaenda mbele ya kituo, akachukua bolti, akagonga mapigo matatu.

Hapo baba alisukuma kuni ndani ya mafiga.

Aliporudi ndani mama alikuwa anatabasamu. Akasema inakuja. Akataka avalishwe kile kitenge chake cha Pasaka, na afungwe kilemba, kwa kuwa ndani ya behewa kuna watu, hawezi kusafiri na tambara. Baba akamvika. Akamfunga kilemba kwa mikono ya tope, hajui kufunga, mama akamwelekeza kwa kidole. Akamkumbusha kwamba wakitoka hospitali waje Ufipa, wampitie Kristiana. Akafa dakika chache baadaye, amevaa kusafiri.

Na nje, baba alisema, kulikuwa na watu. Hilo ndilo ambalo hakuwa amelifikiria. Kambi nzima ilikuwa imeishiwa unga, na waliposikia mapigo walidhani tuta limezibwa, wakatoka na kuku wao na madumu ya asali, wakapanga mstari kando ya reli kwenye mvua, wengine wanaimba. Ambilikile alikuja mbio kama simba kutaka kujua ni nani aliyegusa chuma cha kituo. Akafika mlangoni kwa baba, akaona. Alirudi akawaambia watu waende nyumbani. Hakuandika lolote kwenye kitabu chake, na hakuna hata mmoja wa watu wale aliyemlaumu baba mpaka anaondoka.

Miaka miwili baadaye kituo cha Nyukini kilifungwa, hakukuwa na abiria wa kutosha. Treni ikawa inapita bila kusimama. Siku baba alipomaliza utumishi wake alimwomba dereva apunguze mwendo, akaruka. Alisafisha kaburi la mama. Chumba cha mawe kilikuwa kimeng'olewa paa, benchi limechukuliwa, lakini chuma kilikuwa bado pale. Akakifungua, akakitia kwenye kiroba, na kwenye basi la kutoka Mpanda alimwambia kondakta ni kifaa cha mashine ya kusaga.

"Miaka thelathini na moja nimekamata wezi wa reli," aliniambia, "halafu siku ya mwisho nikawa mmoja wao. Ningewaambiaje?"

Ndiyo maana hakusema. Aliona aibu ya wizi, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na ile nyingine ya uongo. Nilimuuliza alikuwa anasikiliza nini akigonga mapigo matatu na kusimama. Alisema yeye si mwendawazimu, anajua huku treni haiji. Ila sauti ile ndiyo ya mwisho mama kuisikia na kuifurahia, na kila jioni, kwa kitambo kidogo kabla haijaisha hewani, anamwona amekaa kitandani anataka kilemba. Ikiisha, anaondoka.

Jamani. Niliondoka pale bila kuaga, na kandambili nilizovaa hazikuwa za jozi moja. Nilipanda pikipiki ya kwanza iliyopita, njia nzima namwambia kijana aongeze mwendo. Wiki saba zilikuwa zimepita tangu nimpe Victor kile chuma. Nikajipa moyo kwamba chuma hakiozi, kitakuwa kimelala nyuma ya karakana na makorokoro mengine, nitakirudisha kabla ya saa kumi na mbili, baba agonge.

Victor ni kijana mstaarabu, simsemi vibaya. Aliponiona alizima mashine, akavua miwani. Nilipomwambia nimefuata chuma, akatazama chini. Alisema, "Dada Kristi, kile chuma kilikuwa kigumu sana, kilinimalizia mtungi mzima wa gesi." Alikuwa amekikata vipande vinne. Vitatu vilichukuliwa na mtu anayetengeneza plau za ng'ombe, na plau zenyewe zilikwisha kuuzwa bondeni, huko Mtowisa na mbele yake. Nikakumbuka baba alikuwa hukohuko bondeni anaota jua, na huenda zilipita barabarani mbele yake kwenye lori. Cha nne alikibakiza kuwa fuawe yake ya kupondea vyuma. Akanionyesha. Urefu wa kiganja na nusu, uso umepigwa nyundo mpaka umekunjamana kingoni, na ufa mwembamba umepita katikati pale moto ulipokiingia.

Nilikaa chini kwenye vumbi la chuma nikalia mbele ya wateja wake. Mimi, Kristiana, ambaye soko zima wananiogopa. Victor akanibebea kile kipande mpaka kwenye pikipiki, akakifunga kwa mpira wa tairi, akakataa kabisa kupokea kitu. Aliuliza kilikuwa cha nini. Nikamwambia kilikuwa cha mama yangu.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Baba alikuwa amekaa nje kwenye jua la mwisho, amejifunga koti. Nikatafuta waya, nikakining'iniza kile kipande kwenye mparachichi wa uani, kimo cha mkono wake. Nikaingia ndani nikamletea bolti yake juu ya kabati, nikampigia magoti nikamwomba radhi. Nikamwambia ndicho kilichobaki, na kwamba hata kikiwa kidogo ni kilekile cha Nyukini, kitamlilia.

Alisimama. Hakutumia fimbo. Akakishika kile chuma kwanza, akapitisha kidole juu ya ufa, taratibu, kama anavyopapasa mguu wa ndama aliyeumia. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akagonga.

Hakikulia. Kilitoa mlio mfupi, mkavu, kama sufuria lililoanguka jikoni, ukaisha hapohapo. Akagonga la pili na la tatu, ameyaachanisha sawasawa kama siku zote. Akainamisha kichwa upande, akasubiri, na mimi nikasubiri naye, na hapakuwa na chochote cha kusikiliza.

"Hapana, mama," alisema, sauti yake haina hasira yoyote. "Kwa hiki, hata Rozina asingedanganyika."

Akaniwekea bolti mkononi, akanifunga vidole vyangu juu yake, akaingia ndani. Kule kanisani Clemens alianza kupiga kengele mpya, nzuri, inasikika hadi ng'ambo ya mto, na mlango wa baba ukafungwa.